Kuku wanakufa: ni mdondo, ni mafua ya kuku, au ni mafua ya ndege?

Simu hizi huja alfajiri. "Kuku wangu wana mafua," anasema mtu, na kabla hatujamaliza kusalimiana najua kwamba neno hilo peke yake halitatufikisha mbali. Kwa wafugaji wa huku kwetu, mafua ya kuku ni ule ugonjwa wa bakteria unaovimbisha uso na kutoa kamasi zinazonuka. Hutibika, na haumpati binadamu. Mafua ya ndege, ambayo Wakenya wengi huyaita homa ya ndege, ni jambo jingine kabisa: ni kirusi, hakina dawa kwa kuku, na kinaweza kumhama kuku kikamwingia aliyemshika. Katikati ya hayo mawili yupo mdondo, au kideri, ambao umemaliza mabanda mengi Afrika Mashariki kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoujua, na ambao kwa macho hufanana na mafua ya ndege kama kurwa na doto.

Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga, nimechanja, na nimefukia kuku wengi kuliko ningependa kuhesabu. Nitakupitisha dalili moja baada ya nyingine, lakini kuna jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo linalowaponza watu.

Jambo hilo ni kisu cha kumuwahi.

Unakijua. Kuku amezubaa, kashusha mabawa, kichwa kinaning'inia, na mtu anapiga kelele kutoka jikoni: leteni kisu, tumuwahi asije akafa kibudu. Shangazi yangu alikuwa bingwa wa hilo, na sina haki ya kumlaumu, maana kuku ni fedha na kibudu hakiliwi. Ila kama kuku huyo ana mafua ya ndege, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko mahali pengine popote. Kuku mgonjwa amejaa kirusi kwenye mate, kamasi, kinyesi na damu. Ukimchinja, damu inaruka. Ukimnyonyoa, vumbi la manyoya linapanda usoni. Ukimpasua, mikono inaingia kwenye utumbo na mapafu, kisha unajikuna jicho. Mchuzi uliochemka hadi nyama ikaiva hauna shida. Shida imekwisha kutokea nusu saa kabla, pale kwenye jiwe la kuchinjia. Kule Azerbaijan mwaka 2006 wengi wa waliougua walikuwa wamenyonyoa manyoya ya batamaji wa porini waliojifia. Misri, nchi ya Afrika iliyopata wagonjwa wengi kuliko zote, wengi walikuwa akina mama na watoto wa familia zinazofuga kuku na bata wachache nyumbani, wengine juu ya mapaa. Hawakuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa.

Basi sheria ya kwanza, kabla hujajua ugonjwa ni upi: kuku mgonjwa hachinjwi, hauzwi, hapelekwi kwa jirani. Funga banda, watoe watoto na paka, halafu tuanze kutafuta.

WAMEKUFA WENGI KWA MKUPUO

Swali la kwanza ni saa ngapi. Kuku wa nyama wakubwa wakifa alasiri ya Januari au Februari, banda likiwa la bati na limejaa, na waliobaki wanahema midomo wazi wakiwa wametanua mabawa, hilo ni joto. Wapunguzie msongamano, wape maji baridi, pandisha mapazia. Kesho yake vifo vitapungua. Ugonjwa wa kuambukiza haungoji jua likali.

Swali la pili ni walikula nini. Gunia jipya la chakula, pumba zenye ukungu, shamba la jirani lililopuliziwa dawa, sumu ya panya iliyotegwa stoo. Sumu huwapiga waliokula pamoja, mara nyingi wale wenye nguvu wanaotangulia kwenye chombo, na haiendelei kusambaa siku tatu baada ya chakula kuondolewa.

Kama si joto wala sumu, na jana walikuwa wanne, leo ni kumi na watano, sasa tuko kwenye ugonjwa, na washukiwa wakubwa ni wawili.

Mdondo huanza kwa kuku kujikunyata na kuacha kula. Wanakoroma, wanahara kijani, na baada ya siku kadhaa waliosalia wanaanza kupinda shingo, kuzunguka mahali pamoja, kuburuta mguu au bawa. Mafua makali ya ndege mara nyingi huwa na haraka zaidi: banda linaweza kumalizika karibu lote ndani ya siku mbili, na baadhi ya kuku hufa hawajaonyesha chochote, unamkuta tu amelala chini ya kiota akiwa na yai tumboni. Wakionyesha dalili, ni upanga na ndevu za chini ya mdomo kuvimba na kugeuka zambarau, uso kujaa maji, na madoa mekundu ya damu kwenye miguu, pale pasipo na manyoya.

Nimeandika "mara nyingi" kwa makusudi. Mdondo mkali nao huvimbisha macho na kuua kwa siku mbili. Mafua ya ndege nayo hupindisha shingo. Daktari mzoefu akisimama mlangoni mwa banda hawezi kuapa ni upi kati ya hiyo miwili. Kinachokata shauri ni kipimo cha maabara. Yeyote anayekuambia kwa simu kwamba "hiyo ni kideri tu" anakupa matumaini, hakupi jibu.

Hata hivyo kuna vidokezo ambavyo mfugaji mwenyewe anaweza kuviona, na nimeona vikisaidia kuamua uzito wa kumtafuta afisa mifugo usiku huohuo au kesho asubuhi.

Chanjo. Je, kuku hawa walichanjwa mdondo, na lini? Chanjo ya matone ya I-2, ile inayodondoshwa jichoni tone moja na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, ni ya mdondo peke yake. Haikingi mafua ya ndege hata kidogo. Kwa hiyo kundi lililochanjwa ipasavyo mwezi uliopita, chanjo ikiwa haijaunguzwa na jua, likianza kufa kwa wingi, hilo linanitisha zaidi kuliko kundi ambalo halijawahi kuona chanjo.

Bata. Mdondo huwaua kuku, na bata wa nyumbani kwa kawaida hutembea katikati ya mizoga kana kwamba hayawahusu. Ukiona bata nao, au bata bukini, wanayumba vichwa na kufa pamoja na kuku, panda ngazi moja ya wasiwasi. Ila usiligeuze: bata wazima si ushahidi kwamba mafua ya ndege hayapo, kwa sababu bata huweza kubeba kirusi hicho na kukimwaga kwenye maji huku wakila vizuri.

Ndege wa nje. Kunguru waliolala chini ya mwembe, ndege wa majini waliokufa kandokando ya bwawa. Mwezi Januari 2017 Uganda iliutambua ugonjwa kwa njia hii: buabua, wale ndege weupe na weusi wanaohamia kutoka mbali, walikutwa wamekufa kwa wingi kwenye ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Kipimo kikaonyesha aina ya H5N8, na upande wa Masaka ikakutwa kwa ndege wa kufugwa. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda mwezi huohuo. Mwaka uleule ikathibitishwa pia Ituri, upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Ndege hawa huja kwetu kuanzia Oktoba na kuondoka kuelekea Machi na Aprili. Anayefuga kando ya ziwa, mto au mashamba ya mpunga aijue kalenda hiyo kama anavyoijua ya masika.

Paka. Hiki wengi hawakijui. Paka aliyekula kuku mgonjwa anaweza kufa kwa kirusi cha H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege. Huko Texas mwaka 2024, ng'ombe wa maziwa walipokutwa na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, paka wa shambani waliokunywa maziwa mabichi walikuwa miongoni mwa waliokufa. Paka hafi kwa mdondo. Akifa paka siku mbili baada ya kuku, mwambie afisa mifugo hata kama hajauliza.

Hatua hapa ni moja: mpigie afisa mifugo wa kata, au daktari wa mifugo wa serikali popote ulipo. Mweleze idadi ya kuku, waliokufa kwa siku, tarehe ya chanjo, na hivyo vidokezo. Usimpasue mzoga mwenyewe "kuangalia matumbo", na usimtie mfukoni ukapanda naye daladala kwenda duka la dawa. Sampuli huchukuliwa na mwenye vifaa, kwa pamba kooni na kwenye tundu la nyuma, zikasafirishwa kwenye ubaridi. Kwa Tanzania huishia Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao makuu yake yakiwa Temeke, Dar es Salaam. Najua hofu ya mfugaji: nikiita serikali watanichomea kuku wote. Kama ni mafua ya ndege, kuku hao wanakufa kwa vyovyote. Ambacho hakijaamuliwa bado ni kama wa jirani nao watakufa.

Na oxytetracycline unayotaka kuitia kwenye maji? Ni dawa ya bakteria. Kwa mdondo na kwa mafua ya ndege haifanyi lolote, sawa na pilipili, shubiri na mwarobaini. Tena kumchanja mdondo kuku ambaye tayari anaumwa hakumponyi.

USO UMEVIMBA, KAMASI, CHAFYA

Hapa habari ni nzuri zaidi. Kuku mmoja au wawili wamevimba upande mmoja wa uso, jicho limefunga, puani kuna kamasi nzito, na banda linanuka uvundo wa pekee ambao ukiunusa mara moja hutausahau. Wanaendelea kula kidogo. Wanaongezeka polepole kwa wiki, na vifo ni vichache. Hayo ni mafua ya kuku yale ya kawaida. Daktari atakupa antibiotiki, nawe uache kuchanganya kuku wapya na wa zamani siku ya kwanza wanapofika.

Vipele vikavu kwenye upanga na pembeni mwa mdomo, hasa wakati wa mbu wengi, ni ndui. Wengi hupona.

Uvimbe wa ndevu za chini ya mdomo ukiambatana na vifo vya ghafla na upanga wa zambarau unaweza kuwa kipindupindu cha kuku, ugonjwa wa bakteria. Lakini dalili hizo ndizo hasa za mafua ya ndege, kwa hiyo rudi juu na ufuate njia ya vifo vya mkupuo. Unachokipima ni mwendo. Mafua ya kuku yanatembea, mafua ya ndege yanakimbia.

WANAHARA

Kinyesi kimewapoteza wengi, na sitakaa sana hapa. Damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane kwenye maranda yaliyolowa: koksidiosi. Mharo mweupe wa majimaji kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, vifo vikipanda siku tatu au nne kisha vikashuka: gumboro. Mharo wa kijani au njano kwa kuku wakubwa wanaokufa mmojammoja wiki nzima: homa ya matumbo. Kijani pamoja na kukoroma na vifo vingi: mdondo au mafua ya ndege, na hapo unajua pa kwenda. Kijani chenyewe hakina siri yoyote. Kuku yeyote aliyeacha kula siku mbili hutoa kinyesi cha kijani, kwa sababu ni nyongo inayotoka bila chakula.

MAYAI YAMEPUNGUA GHAFLA

Angalia kwanza mambo ya kawaida: joto, chakula kilichobadilishwa, maji yaliyokatika nusu siku, kuku wanaopukutisha manyoya, mtu anayeyaiba. Usicheke hilo la mwisho.

Lakini kundi la kutaga likishuka vibaya ndani ya siku mbili tatu, likitoa mayai yenye ganda laini au yasiyo na ganda kabisa, huku kuku wakiwa wamenyamaza (ukimya wa banda la kuku wa mayai ni dalili kamili, sikiliza), hesabu hilo kama ugonjwa hata kama hakuna aliyekufa. Mayai ya siku hizo yasiende sokoni hadi sababu ijulikane.

KUKU WAZIMA KABISA, MTU NDIYE ANAYEUMWA

Hii ndiyo sura inayovunja mantiki yote niliyoijenga hadi hapa, na lazima niiseme. Si kila mafua ya ndege yanaua kuku. Kuna aina hafifu ambazo kuku anakoroma kidogo au hata hakoromi. Nchini China mwaka 2013 iliibuka aina ya H7N9 ambayo kuku aliibeba bila kuonekana mgonjwa, lakini watu waliokwenda kununua kuku hai masokoni walilazwa na nimonia kali. Kabla ya kutulia, ilikuwa imewapata zaidi ya watu 1,500 na kuwaua zaidi ya 600. Shanghai ilifunga masoko ya kuku hai Aprili ya mwaka huo, na wagonjwa wapya wakapungua haraka. Hapo watu waliona wazi mlango uko wapi.

Kwetu, aina nyingine hafifu, H9N2, imewahi kukutwa kwenye masoko ya kuku hai Kenya na Uganda. Kwa binadamu mara nyingi huleta mafua madogo. Siitaji ili kutisha mtu. Naitaja kwa sababu ya matenga. Tenga la mchuuzi linabeba kuku wa Singida leo, wa Morogoro kesho, halioshwi, na kinyesi cha wa juu kinamdondokea wa chini. Kama kirusi kitatafuta njia ya kufika banda lako, huenda kikaja na tenga kabla hakijaja na ndege wa Ulaya. Kuku aliyerudi kutoka mnadani kwa sababu hakupata mteja asirudi moja kwa moja kwa wenzake. Akae peke yake wiki mbili.

Anayefuga nguruwe na kuku zizi moja ana sababu ya ziada ya kuwatenganisha: nguruwe anaweza kupata mafua ya watu na ya ndege kwa pamoja, na virusi viwili vikikutana ndani ya mnyama mmoja huweza kubadilishana sehemu.

NIMEMSHIKA KUKU MGONJWA, SASA NINA HOMA

Kwanza pumua. Kwa mtu wa Mkuranga au Kilifi mwenye homa, uwezekano mkubwa bado ni malaria, mafua ya kawaida, au maambukizi mengine ya kifua. Kirusi cha mafua ya ndege hakimwingii mtu kirahisi. Kimezoea kushika kwenye seli za ndege, na kwa binadamu seli zinazofanana na hizo ziko zaidi chini kabisa mapafuni, si puani na kooni ambako mafua yetu ya kila mwaka hushikia. Ndiyo maana hayaenezwi kwa chafya ndani ya daladala, na ndiyo maana kumekuwa na visa vichache tu vya mtu kumwambukiza anayemuuguza, bila kuendelea mbali. Na ndiyo maana pia yakishaingia, yakafika huko chini, huwa mabaya.

Takwimu zinazotajwa sana ni hizi: tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1 katika nchi zaidi ya ishirini, na karibu nusu walikufa. Nusu hiyo isomwe kwa akili. Wanaohesabiwa ni wale waliofika hospitali wakiwa hoi. Aliyepata kikohozi kidogo kijijini hakupimwa na mtu. Marekani, ambako tangu 2024 wamewapima wafanyakazi wa mashamba hata wenye dalili ndogo, wamepata wagonjwa wapatao 70, wengi wao wakiwa na macho mekundu na mafua ya siku chache, ingawa Januari 2025 mmoja alifariki Louisiana, mtu mzima wa zaidi ya miaka 65 aliyekuwa na kuku nyumbani.

Dalili kwa mtu huanza mara nyingi kati ya siku 2 na 5 baada ya kumgusa ndege mgonjwa, na kwa nadra hufika siku 17. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda siku uliyoshika mzoga. Homa, kikohozi, koo kuuma, mwili kuvunjika, macho kuwa mekundu, wengine huhara. Kinachotofautisha ni kifua. Mafua ya kawaida siku ya nne unaanza kujisikia afadhali. Haya siku ya nne au ya tano pumzi inakuwa fupi. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema aende hospitali sasa hivi, awe amegusa kuku au hakugusa.

Kosa la kawaida ni kununua dawa ya mseto ya malaria duka la karibu, kungoja siku tatu, kisha kuongeza antibiotiki, kungoja tena. Siku hizo ndizo zenye thamani. Dawa ya oseltamivir, inayojulikana pia kama Tamiflu, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za dalili, ingawa madaktari huitoa hata ikichelewa wakishuku mafua ya ndege. Pima malaria, ndiyo. Kipimo kikisema hakuna, usiendelee kumeza dawa ya malaria kwa mazoea.

Na ukifika kwa daktari, sema. Wagonjwa hutaja homa na kikohozi, hawataji kuku. Daktari hawezi kuwaotea. Sema hivi: "Kuku wetu walikufa Jumanne, niliwanyonyoa wawili, homa imeanza Ijumaa." Sentensi hiyo moja inabadilisha vipimo vyote vitakavyofuata. Vaa barakoa njiani, na anayekuuguza naye avae. Tanzania unaweza pia kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, kabla hujatoka nyumbani.

Watoto wasisahauliwe. Mtoto hambebi kuku kwa ajili ya kumchinja. Humbeba kwa sababu kifaranga wake anaumwa, anampakata na kumpulizia mdomoni. Muulize kwa upole, hatakwambia akijua atachapwa.

TULISHAMCHINJA JANA, TUKALA

Nyama iliyoiva hadi ndani, isiyo na wekundu karibu na mfupa, imeshaua kirusi. Nyuzi joto 70 zikifika katikati ya nyama zinatosha, na mchuzi uliotokota umezipita mbali. Vivyo hivyo yai lililoiva hadi kiini kikawa kigumu. Waliokula tu hawana sababu ya kukosa usingizi. Wa kufuatiliwa ni aliyechinja, aliyenyonyoa, aliyepasua, na aliyeosha ubao na kisu. Hao ndio wahesabu siku. Ubao na kisu vioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kukata kachumbari, na nguo za siku ile zifuliwe kwa sabuni. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni ya kipande inaupasua.

Maziwa mabichi ya ng'ombe ni habari iliyoanzia Marekani mwaka 2024, na kwetu kuna sababu nyingine nyingi za kuyachemsha tangu zamani.

KUFUKIA, KUOSHA, KUANZA UPYA

Mizoga usiitupe mtoni, jalalani wala kwa mbwa. Ngoja maelekezo ya afisa mifugo, ila kama lazima uifukie kabla hajafika, mpigie kwanza. Anaweza kutaka mmoja au wawili wabaki kwa ajili ya sampuli. Anayefukia awe mtu mzima mmoja au wawili, barakoa, miwani hata ya jua, viatu vya mpira, na mikono ndani ya glavu; glavu zikikosekana, mifuko ya plastiki isiyotoboka. Shimo liwe la mita 2, mbali na kisima, mizoga ifunikwe kwa udongo usiopungua mita 1 ili mbwa wasifukue. Kama una chokaa, iweke.

Kosa linalorudiwa katika kuosha banda ni kumwaga Jik juu ya kinyesi. Klorini inaishia kwenye uchafu na kirusi kinabaki. Lowesha maranda kwanza yasipige vumbi, yatoe, yafukie pamoja na mizoga. Sugua kuta, viota na vyombo kwa sabuni na maji hadi uone rangi ya mbao. Halafu ndipo upitishe Jik, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita kama ni ile ya asilimia 3.5, na uache ikae angalau dakika kumi. Jua la kutosha ni msaidizi wako. Kivuli chenye unyevu ni msaidizi wa kirusi.

Kisha banda likae tupu, si chini ya siku 21 baada ya usafi kukamilika, na ikiwa serikali imeweka karantini, hadi itakapoondolewa. Usirudishe mia mbili kwa siku moja. Weka kumi wa kuanzia, uwachanje mdondo, uwatazame wiki tatu wanavyokula na wanavyopiga kelele asubuhi, na viatu vya kuingilia bandani vibaki palepale mlangoni.